Msimu wa Pili Ndio Unaomtaka Mwalimu

Wengi ninaowafahamu walioacha kilimo hifadhi, yaani kulima bila kugeuza udongo na kuuacha umefunikwa, walikuwa wamelielewa somo vizuri. Walijua kwa nini udongo hautakiwi kuachwa uchi, walijua kupima kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, na msimu wa kwanza walifanya kazi kwa moyo wote. Walirudi kwenye plau msimu wa pili au wa tatu, mahindi yalipogeuka manjano yakiwa urefu wa goti, magugu yakapanda, na shamba la jirani aliyegeuza udongo kama kawaida likawa la kijani. Wakati huo kipeperushi hakisaidii kitu. Anayesaidia ni mtu aliyepita hapo hapo katika shamba lake mwenyewe, anayejua mwezi unaofuata utakuwaje.

Nimekaa pande zote mbili, ya kufundishwa na ya kufundisha. Mwalimu wangu ni mfugaji, mzee ambaye maishani mwake hajapanda kitu kikubwa kuliko bustani ya mboga, na wakulima wenzangu walishangaa nilipomtafuta yeye. Lakini malisho yake yanapakana na shamba langu kwa juu. Maji yaliyotoka kwake yalikuwa yananifikia taratibu, yakiwa safi, mvua ikiwa imeshakatika. Yaliyotoka kwangu yalikuwa yanamfikia wa chini yangu yakiwa tope, mvua bado inanyesha. Mtu wa namna hiyo humwombi cheti.

Siku ya kwanza aliyokuja hakutoa ushauri wowote. Alianzia juu kabisa ya mteremko akashuka polepole, akiinama, akirudi nyuma. Alitaka kujua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Aliuliza nani hasa anashika jembe hapa, nani anaamua kinachopandwa, ng'ombe wa nani hupita baada ya mavuno, na kama shamba ni langu au nimekodi. Nikajibu, nikawa nangoja. Akaomba glasi mbili za maji.

Alichukua bonge moja la udongo mkavu kutoka katikati ya shamba, na jingine chini ya ua wa shamba, mahali ambapo jembe halijagusa kwa miaka mingi. Akayatumbukiza, moja kwenye kila glasi. La shambani lilianza kumeguka papo hapo, likaporomoka, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. La chini ya ua likakaa kama lilivyo, likitoa vipovu tu. Akaniangalia. "Kijana wangu, mvua yako ya kwanza ndiyo hiyo."

Jaribio hilo mtu yeyote anaweza kulifanya, na nimelirudia mara nyingi mbele ya wengine kwa sababu halibishaniki. Chembe za udongo hushikamanishwa na gundi inayotengenezwa na mizizi, kuvu na vijidudu vingine. Udongo unaogeuzwa kila msimu huingiza hewa nyingi, mboji yake huoza haraka kuliko inavyorudishwa, na gundi hiyo huisha. Tone la mvua likigonga bonge lisilo na gundi hulivunja. Vumbi lake laini huziba vitundu vya juu, ukoko huundwa, na maji hukosa pa kuzamia. Kinachobaki ni kukimbia mteremkoni, na hayakimbii peke yake.

Baada ya hapo alinipeleka kwake. Nilitegemea anionyeshe ng'ombe, yeye akanionyesha nyasi. Alikata tita dogo la nyasi kuanzia usawa wa udongo, akalifunga kwa jani, akaliweka juu ya kidole na kulisogeza mpaka likasimama bila kuangukia upande wowote. Kidole kilikuwa karibu na chini kuliko nilivyodhania ingewezekana. Hapo ndipo nusu ya uzito wa nyasi ilipo, akasema, kwa sababu majani mengi yako chini. Ukiangalia kwa urefu unaweza kuona ng'ombe wamekula zaidi ya nusu ilhali kwa uzito hawajafika. Na hiyo nusu ya uzito ndiyo mpaka wake: ikifika, wanahama.

Mzee hakuitoa kanuni hiyo kwenye kitabu, ila ipo katika utafiti. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, Franklin Crider, alichapisha matokeo ya kukata nyasi kwa viwango tofauti huku akiangalia mizizi. Yakiondolewa majani asilimia 50, mizizi karibu yote huendelea kukua. Inayosimama ni asilimia 2 hadi 4 tu. Yakiondolewa asilimia 60, nusu ya mizizi husimama. Yakifika asilimia 80, mizizi yote husimama kukua, na husimama kwa siku nyingi. Angalia jinsi ngazi ilivyo kali: kati ya 50 na 60 kuna tofauti ya midomo michache tu ya ng'ombe, lakini chini ya ardhi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mfugaji anayechelewa kuhamisha mifugo haoni hasara siku hiyo. Anaiona kiangazi, nyasi zenye mizizi mifupi zinapokauka kabla ya za mwenzake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, André Voisin, Mfaransa aliyekuwa mkulima na mwanakemia, alikuwa akifundisha kwamba kinachoua malisho ni muda zaidi ya idadi ya mifugo: nyasi iliyoliwa ikaanza kuchipua, halafu ikang'atwa tena kabla haijarudisha akiba yake. Ng'ombe wachache wakiachwa mahali pamoja mwaka mzima wanaweza kumaliza nyasi nzuri na kuziacha mbaya zitawale. Mzee wangu hupanga siku, na idadi ya ng'ombe huja baadaye. Msimu wa mvua, nyasi zinapokua haraka, anazunguka haraka. Kiangazi anapunguza mwendo, kwa sababu nyasi zinachukua muda mrefu zaidi kupona. Watu wengi hufanya kinyume, na wakielezwa hukasirika kidogo. Nami nilihitaji kulisikia zaidi ya mara moja.

Sasa nije kwenye msimu wa manjano.

Niliacha plau, nikatandaza mabua yote shambani, nikapanda kwa kutoboa mashimo. Msimu wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wa pili, mahindi yakadumaa, majani ya chini yakageuka manjano kuanzia ncha, na wapita njia wakaanza kunipa pole. Mzee akaja bila kuitwa. Hilo nalitia mkazo: alikuja bila kuitwa, kwa sababu alikuwa amehesabu kwamba ni wakati wake. Alipekua matandazo, akachimba kidogo kwa kisu, akanionyesha nyuzi nyeupe za kuvu zilizokuwa zimeyavaa mabua. "Hawa wanakula," akasema. "Na wanakula chakula cha mahindi yako. Wakishiba watarudisha."

Kwa lugha ya maabara, mabua ya mahindi yana kaboni takriban sehemu 60 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, wakati vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji chakula chenye uwiano wa karibu 24 kwa 1. Nitrojeni iliyopungua huichukua kwenye udongo, na mmea mchanga unabaki na njaa. Vijidudu vikifa, inarudi. Mimea jamii ya kunde ina uwiano mdogo zaidi, ndiyo maana ikichanganywa na mabua kazi huenda haraka. Mkulima aliyeambiwa haya mapema anaongeza samadi au mbolea kidogo shimoni wakati wa kupanda, anapanda kunde katikati ya mistari, anangoja. Asiyeambiwa anaona kwamba matandazo yameua mahindi, anayakusanya na kuyachoma, na huwezi kumlaumu, kwa sababu kwa macho yake ndivyo ilivyo.

Mzee hakujua habari za uwiano. Alichojua ni kwamba popote ng'ombe walipolala usiku kadhaa, manjano haionekani. Tukahamisha zizi lake la muda, la nguzo na matawi, likawa linasogea shambani kwangu kiangazi chote, kipande baada ya kipande. Mkojo peke yake ni nitrojeni nyingi, na ng'ombe anayelala shambani huupeleka pale unapohitajika bila mtu kubeba debe. Yeye alipata nini? Alipata mabua, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, nitaufikia.

Zamu yangu ya kufundisha ilikuja kwa njia ya korongo. Njia ya ng'ombe wake kwenda majini ilikuwa imenyooka na mteremko, na kila mvua iliichimba zaidi. Mimi nilikuwa nimejifunza kutumia fremu A, kifaa cha kupimia kontua, akakubali tuijaribu, ingawa alisema jicho lake linatosha. Miti miwili ya kama mita mbili hufungwa juu na kutanuliwa miguu, mti wa tatu hukatiza katikati, na uzi wenye jiwe huning'inia kutoka juu kama timazi. Unaweka miguu juu ya vigingi viwili, unatia alama uzi unapokatiza mti wa katikati. Unageuza fremu ili miguu ibadilishane vigingi, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa, hata kama miti yako haikulingana. Kuanzia hapo unatembea nayo ukipigilia vigingi, mguu mmoja ukibaki, mwingine ukitafuta usawa.

Jicho lake lilikosea kwa kiasi cha kutosha kupeleka maji yote upande mmoja. La kila mtu hukosea mteremkoni. Ardhi yote imeinama, kwa hiyo jicho halina cha kujilinganisha nacho. Alicheka, akaichukua fremu, na tangu siku hiyo haijarudi kwangu.

Kwenye korongo lenyewe tulikubaliana upesi. Maji huzuiwa juu kabla hujagusa chini. Ukianza na mawe ndani ya korongo wakati maji ya eneo zima bado yanaingia kichwani mwake, yatachimba pembeni ya mawe na kukutengenezea makorongo mawili. Tulichimba makinga maji kwenye kontua juu ya kichwa cha korongo, udongo tukautupa upande wa juu kwa mtindo wa fanya juu, ule uliopata umaarufu Machakos, Kenya, ambao polepole hutengeneza ngazi kwa sababu udongo unaoteremka hukwama nyuma ya tuta. Juu ya tuta tukapanda mabingobingo. Ndipo tukaweka vizuizi vya mawe ndani ya korongo, vifupi na vingi, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Na njia ya ng'ombe ikapindishwa ikatize mteremko. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu, kwani ng'ombe hawakuhudhuria mkutano.

Nadhani kufundishana kwetu kumedumu kwa sababu ya hilo: kila mmoja ana jambo analomzidi mwenzake. Mtu anayefundishwa tu, msimu hadi msimu, huchoka na kuanza kuficha matatizo yake. Akificha, mwalimu hana kazi.

Nilipoanza kumsaidia mama mmoja wa bondeni niligundua jinsi maswali ya mzee ya siku ile yalivyokuwa ya lazima. Shamba lake ni la kukodi, mwaka kwa mwaka. Ningemwambia apande miti au achimbe ngazi, ningekuwa namwomba aboreshe mali ya mtu mwingine, ambaye akiona shamba limependeza anaweza kulichukua. Vikao vingi vya kuelimishana hupita juu ya jambo hili kana kwamba kila aliyeketi pale ana hati mkononi. Kwake tulichagua yanayolipa ndani ya msimu uleule: mashimo ya kupandia yenye samadi, kunde za kufunika udongo, matandazo. Na tulipotaka mistari ya nyasi kwenye kontua, tulikwenda kwanza kwa mwenye shamba pamoja, akakubali miaka kadhaa kwa maneno mbele ya mashahidi. Karatasi ingekuwa bora.

Tena, aliyekuwa akihudhuria mafunzo ya vikundi alikuwa mumewe, na aliyekuwa akilima ni yeye. Ujumbe ulifika nyumbani ukiwa nusu. Siku hizi nikialikwa kwa mtu naomba tukutane na mwenye jembe, jembeni, hata kama mwenye nyumba ataona nimekiuka adabu.

Mama huyo alinisahihisha kuhusu mashimo. Mimi nilipanga yachimbwe yote wiki chache kabla ya mvua. Yeye akasema mwili wa nani? Mashimo ya aina hii, yawe ya zai, yale ya Afrika Magharibi, au mengineyo, humeza mamia ya saa za kazi kwa hekta moja. Alianza mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevu, machache kila asubuhi, akiyajaza samadi kadiri ilivyopatikana. Kufikia mvua mchwa walikuwa wameshatoboa chini ya mashimo wakifuata samadi, na maji yakazama kwa kasi ambayo kwangu sijaiona.

Mchwa hao ndio waliompa sifa mkulima Yacouba Sawadogo wa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso. Katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipanua mashimo ya zai ya asili, akayatia samadi na masalia wakati wa kiangazi, na mchwa wakalainisha udongo uliokuwa mgumu kama sakafu. Mbegu za miti zilizokuwamo kwenye samadi zikaota, akaziacha, msitu ukakua. Wapo waliomwona mwendawazimu, na msitu huo ulichomwa moto. Alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, akafariki mwaka 2023. Mimi kinachonivutia zaidi ya tuzo ni kwamba kuanzia mwaka 1984 alikuwa akiita siku za soko shambani kwake mara mbili kwa mwaka, wakulima wakileta mbegu, wakibadilishana, wakiulizana. Watu walikuja kwa ajili ya mbegu na kuondoka na mashimo vichwani. Na walirudi, maana soko linajirudia. Kulikuwa na nafasi ya kusema, "Nimejaribu, imenishinda hapa."

Niger nako, mwaka 1983, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alipoanza Maradi kuwashawishi wakulima wachipuze visiki vilivyokuwa hai ardhini badala ya kupanda miche iliyokuwa ikifa, wa kwanza walikuwa wachache tu, na walichekwa. Kazi hiyo imeenea hadi takriban hekta milioni 5, sehemu kubwa kwa mkulima kumwona mkulima. Kupogoa kisiki na kuacha machipukizi machache yenye nguvu kunafundishwa kwa dakika chache. Kuvumilia kuchekwa na kulinda machipukizi yasikatwe usiku ndiko kunakotaka wenzako.

Kuna namna moja ya kufundishana nisiyoiamini sana, ile ya mkulima wa mfano. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shamba lake hutembelewa, akaongezewa mbegu, akaongezewa pampu, vibarua wakapatikana kwa ajili ya ugeni, na baada ya muda shamba halifanani na la yeyote anayekuja kujifunza. Mgeni huona mahindi mazuri na kujiambia kwamba yeye hana pampu. Heri shamba la mtu wa kawaida lenye kipande kilichoshindwa, naye akupeleke hapo kwanza. Harakati za Campesino a Campesino, yaani mkulima kwa mkulima, zilizoanzia Guatemala katika miaka ya 1970 kisha zikaenea Nicaragua na Cuba, zilishikilia kwamba mtu ajaribu kwenye kipande kidogo kwanza, na afundishwe mambo machache kwa wakati mmoja. Nakubaliana nao. Kipande kidogo kikishindwa, nyumba hailali njaa, na mtu anakuwa huru kukueleza ukweli.

Sasa mabua. Kwa kilimo hifadhi, baada ya kupanda udongo uwe umefunikwa angalau asilimia 30. Kwa mfugaji, mabua ndiyo yanayovusha ng'ombe hadi mvua. Mafunzo ya wakulima huyaita matandazo, mafunzo ya wafugaji huyaita malisho, na kila upande huondoka ukidhani suala limekwisha. Mimi na mzee tumebishana juu ya hili kuliko jambo lolote, na wala hatujamaliza. Mwaka mzuri ni rahisi: ng'ombe wanaingia mara baada ya mavuno, wanakula majani na maganda, wanakanyaga mashina yakalala chini, wanaacha samadi, wanatoka nusu ya masalia ikiwa bado ipo. Naipima kwa kamba yenye mafundo kumi, naitandaza shambani kwa mshazari na kuhesabu mafundo yaliyoangukia juu ya bua. Yeye anaipima kwa kuangalia. Mara nyingi tunapata jibu moja.

Mwaka wa ukame kamba yangu haina nguvu. Ng'ombe wanakonda mbele ya macho na mabua yamelala pale. Uliopita nilimwachia zaidi ya nusu, kwa sharti kwamba zizi la muda likae kwangu hadi mvua. Nikabaki na udongo uliofunikwa kidogo na samadi nyingi, na palipo wazi zaidi mvua ya kwanza ilitengeneza ukoko, kama tulivyojua ingekuwa. Msimu huu tumegawana mapema: sehemu ya juu ya mteremko ng'ombe hawaingii hata ikiwaje, kwa sababu maji yanaanzia hapo, ya chini ni yake mara tu mahindi yakishavunwa. Na mvua ikiwahi, udongo ukalowa, wanatoka siku hiyohiyo, kwani kwato kwenye udongo wa maji hushindilia kazi ya miaka. Sharti la mwisho amelikubali shingo upande. Anataka nami nimpe eneo la kupanda nyasi za kukata, ili siku hiyo ikifika awe na pa kuwapeleka, na bado tunapima ni kipande gani.